Wageni Wenye Afya: Kisa cha Kuku wa Kihonda

Banda lenyewe si kubwa. Liko nyuma ya nyumba huko Kihonda, Morogoro: mabanzi na wavu, bati juu, maranda chini, na mbele yake kiwanja kidogo kilichozungushiwa wavu. Mwenye kuku ni mama anayeuza mayai kwa majirani na kwenye vibanda vya chipsi, na stoo kwake ana mashine ya kutotolesha ya mayai 90. Mpaka mwanzoni mwa Agosti alikuwa na mitetea 31 ya chotara, yote ameilea mwenyewe tangu vifaranga, pamoja na majogoo 2. Katikati ya mwezi akapata kuku 15 wanaotaga, kwa bei nzuri, kutoka kwa mfugaji aliyesema anapunguza kundi. Akawaingiza bandani siku hiyo hiyo.

Mwisho wa Agosti akafa mtetea mmoja. Kesho yake hakufa yeyote, keshokutwa wakafa wawili. Nilipoitwa, siku kumi na kitu baada ya kifo cha kwanza, walikuwa wamekufa 9, na mayai yalishuka kutoka 30 hivi kwa siku hadi 12.

Mama alikuwa na jibu lake tayari, na halikuwa jibu la mtu asiyejua kuku. Ni kiangazi, msimu ambao mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaofagia kuku, hupita mitaani. Kuku wanaharisha kijani. Wanajikunyata, wanasinzia, wanakufa. Alikuwa ameshawapa mshubiri kwenye maji, kisha unga wa OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, kwa siku tatu. Nilipomuuliza kama kuna kuku wapya walioingia karibuni, alinijibu kwa uhakika kabisa: "Wapo 15, dokta, lakini hao wako salama, tena sasa hivi ndio wanaotaga. Waliokufa wote ni wa kwangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa ufunguo wa kisa kizima, ila yeye aliyatumia kuwatoa wageni hatiani. Na ninadhani wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Ukileta kuku na ugonjwa ukaja, unatazamia aliyekuja nao awe wa kwanza kuanguka. Yapo magonjwa yanayokwenda hivyo. Lakini yapo mengine ambayo anayeyabeba alishaugua zamani, akapona kwa sura, na sasa anayagawa kwa wenzake ambao miili yao haijawahi kuyaona. Katika magonjwa ya namna hii mgeni mwenye afya ndiye wa kushukiwa kwanza.

Kwa nini haukuwa mdondo

Kuku hawa walichanjwa mdondo mwezi Juni kwa chanjo ya I-2, ile ya tone moja jichoni, inayotengenezwa Kibaha na kupendwa vijijini kwa sababu inastahimili joto kuliko zile za zamani. Chanjo hiyo hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo mwezi Septemba kinga ya kundi ilikuwa ukingoni. Peke yake, chanjo ya Juni haikutosha kuufuta mdondo kwenye orodha. Hali ya chanjo ya wale 15 haikujulikana kabisa.

Kilichonipa mashaka zaidi kilikuwa mwendo wa vifo. Mdondo mkali ukiwapata kuku wasio na kinga, ndani ya siku chache banda linabaki tupu. Hapa walikufa 9 kati ya 46 kwa karibu wiki mbili, mmoja mmoja, wawili wawili. Hakukuwa na shingo iliyopinda, wala bawa lililopooza, wala kuku aliyekaa mdomo wazi akihema. Halafu, upande wa pili wa wavu, jirani ana kuku wa kienyeji wanaozurura mchana kutwa, hawajui chanjo, na walikuwa wakiparua jalalani kama kawaida. Mdondo ungeanza na wale.

Niliwatazama kuku kwanza kwa mbali bila kuwashika, kwa sababu kuku akishikwa huficha nusu ya ugonjwa wake. Wanne walikuwa wamejitenga, manyoya yamesimama, mkia chini. Panga zao, zile nyama nyekundu za kichwani, zilikuwa zimepauka mno, karibu rangi ya nyama iliyolowekwa majini, na manyoya ya sehemu ya haja yameganda kinyesi cha kijani chenye umanjano. Nilipowashika walikuwa na joto kali. Joto la kawaida la kuku ni nyuzi 41 hadi 42 hivi, na hawa walipita hapo. Lakini vifua vyao vilikuwa na nyama. Kuku aliyeugua miezi kwa minyoo au kwa kifua kikuu cha ndege kidari chake hubaki kama ukingo wa kisu. Hawa waliugua juzi.

Weupe wa panga ulinilazimisha kurudi usiku na tochi. Utitiri mwekundu haukai juu ya kuku mchana. Hujificha kwenye nyufa za fito na viota, giza likiingia hupanda kunyonya damu, kukikucha hushuka. Mfugaji anaweza kukagua kuku wake kila asubuhi kwa mwaka mzima asiuone. Ukipitisha karatasi nyeupe chini ya ufito wa kulalia na kuiponda, inabaki na michirizi ya damu, na ndivyo ilivyokuwa. Basi nikawa na sababu moja ya upungufu wa damu iliyojitosheleza, na ningeweza kuishia hapo: kuku wana utitiri, wamedhoofika, wape dawa ya utitiri. Ila utitiri hauleti homa, na hauharishi kuku kijani.

Kumpasua kuku

Hakuna kifaa kinachomsaidia mfugaji mdogo kuliko kuku mmoja aliyepasuliwa mapema. Nasema mapema kwa sababu kwa joto la Morogoro kuku aliyekufa saa nane za usiku, ukimfungua saa tatu asubuhi, utumbo umeshageuka kijani wenyewe na ini limeoza. Utasoma kuoza, hutasoma ugonjwa. Ni afadhali kumtoa mmoja wa wale wanaoelekea kufa, kumchinja bila kumtesa, na kumfungua pale pale. Mama hakufurahia, na sikumlaumu, lakini alikubali.

Kabla ya hapo kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Kama kuku wangekufa kwa wingi kwa ghafla, vichwa vimevimba, panga na miguu vimekuwa na rangi ya zambarau, nisingemfungua yeyote nyuma ya nyumba ya mtu. Hizo ni dalili zinazofanana na za mafua makali ya ndege. Hapo kazi ni kufunga banda, kutogusa mizoga, na kumwita afisa mifugo.

Tulilowesha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, nikavaa glavu na barakoa. Ini lilikuwa limevimba hadi kingo zake zimekuwa butu, jepesi kuchanika, na baada ya dakika chache za kukaa hewani likaanza kung'aa rangi ya shaba yenye ukijani. Juu yake kulikuwa na vidoadoa vya kijivu. Bandama ilikuwa imekua mara mbili au tatu ya kawaida. Utumbo wa mwanzo ulikuwa na ute wa kijani cha nyongo. Lakini kilichomfanya mama ainame kutazama vizuri ni ovari. Kwa kuku anayetaga unatarajia viini vya manjano vilivyonona, vya ukubwa tofauti, vimepangana kama zabibu kwenye kichala. Hapa vilikuwa vimesinyaa, vingine vya kahawia, vingine kijani, vikining'inia kwenye vikonyo virefu, na kimoja kilikuwa kimepasuka tumboni.

Kisha nikatafuta nisichotaka kukiona. Katika mdondo mara nyingi kuna madoa ya damu kwenye ukuta wa ndani wa lile tumbo dogo linalotangulia firigisi, na vidonda kwenye utumbo. Palikuwa safi. Kipindupindu cha kuku nacho huacha vitone vyeupe kwenye ini, lakini hupenda pia kunyunyiza damu kwenye mafuta ya moyo, na moyo huu haukuwa na kitu. Kuhara damu kwa koksidia hakukuwa na nafasi: vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilikuwa vya kawaida, na umri wa kuku ulikuwa umeshapita kipindi kibaya cha ugonjwa huo.

Ini la shaba, bandama kubwa, ovari iliyoharibika, upungufu wa damu, homa, vifo vya polepole kwa kuku wakubwa: picha hiyo ni ya homa ya matumbo ya kuku. Bakteria wake, Salmonella Gallinarum, walielezwa na Klein huko Uingereza mwaka 1889. Ni salmonela wa pekee kidogo, waliozoea ndege tu. Mara chache sana huwapata watu, tofauti na ndugu zao wanaotutia tumbo la kuendesha kwa mayai mabichi. Kwa mama aliyekuwa na wajukuu nyumbani hilo lilikuwa la kwanza kuuliza.

Hata hivyo picha ni picha. Nilikata vipande vya ini na bandama, nikachukua na mfupa mzima wa paja kwa ajili ya uboho, ambao huoza taratibu na mara nyingi huokoa siku pale viungo vingine vinapoharibika. Kila kimoja kwenye mfuko wake, vyote kwenye kasha lenye barafu bila kugandishwa, kwenda maabara. Anayeishi Morogoro ana bahati kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine kina ndaki yake ya tiba ya wanyama. Kwingineko kuna vituo vya Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Watu wengi hudhani maabara hizo ni za wenye kuku elfu. Bakteria hawahesabu kuku.

Dawa iliyoshindwa, na dawa iliyofanya kazi nusu

Tulipokuwa tunasubiri majibu nilitaka kujua kwa nini OTC haikusaidia, maana dawa ya jamii hiyo huweza kupunguza vifo vya ugonjwa huu. Mambo matatu yalijitokeza, na yote nimeyaona kwenye mabanda mengine.

Alikuwa akiweka kijiko cha chai kwenye ndoo ya lita 20, kwa sababu ndoo anayo ya lita 20. Kuku 37 waliobaki na majogoo 2 wana uzito wa karibu kilo 80 kwa pamoja, na kwa joto la Septemba wanaweza kunywa kama lita 10 kwa siku. Nusu ya ndoo ilimwagwa jioni, kwa hiyo nusu ya dawa iliingia ardhini. Kipimo cha dawa huhesabiwa kwa kilo za kuku, kisha ndipo unatafuta maji watakayoyamaliza. Pili, bomba la uani lilikuwa linavuja na kuacha kidimbwi, na kuku walikipenda kuliko maji machungu ya dawa. Tatu, alikuwa amewaongezea chokaa ya mifugo na makombe yaliyosagwa akidhani mayai yamepungua kwa kukosa kalsiamu. Kalsiamu hushikana na oksitetrasaiklini tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Hata ile nusu iliyonyweka ilipungua tena.

Nao kuku walio hoi hawanywi. Dawa ya kwenye maji huwatibu zaidi wale wanaoanza kuugua na hufika kwa shida kwa yule aliyejikunyata pembeni. Wale wagonjwa, ambao sasa walikuwa watatu, tuliwatenga chini ya mwembe, tukawapa maji yenye sukari na chumvi kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo.

Majibu yalikuja: Salmonella Gallinarum, sugu kwa oksitetrasaiklini, lakini wanakufa kwa mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu, na kwa enrofloksasini. Muuza duka la dawa za mifugo angempa enrofloksasini bila kufikiri, kwa kuwa ina nguvu na watu wanaisifia. Mimi sikuitaka. Iko katika jamii moja na siprofloksasini tunayotumia hospitalini, na Marekani iliifuta kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu uliokuwa unahamia kwa binadamu. Kuiweka kwenye maji ya kuku wanaotaga mayai yanayokwenda kwenye chipsi za mtaa, wakati kuna nyingine inayofanya kazi, ni ubadhirifu.

Tulitumia salfa na trimethoprimu kwa siku tano, kwa kipimo cha kilo, maji yakichanganywa upya kila asubuhi baada ya kuku kunyimwa maji kwa saa moja hivi, kidimbwi kimefukiwa, chokaa na makombe vimewekwa kando. Mayai yote ya siku hizo, na ya siku za kusubiri baada ya dozi, yalizikwa. Hili lilimuuma kuliko vifo. Salfa huingia kwenye yai na hukaa, na hakuna kupika kunakoiondoa kwa uhakika. Nilimwambia waziwazi kwamba kama hawezi kuyatupa mayai, basi asianze dawa.

Wakati huo huo fito zote za kulalia zilitolewa na kuchomwa, mpya zikawekwa na miisho yake kupakwa oili chafu, nyufa za mabanzi zikapitishwa moto wa bomba la gesi. Kwa kisa hiki utitiri haukuwa jambo la pembeni. Mdudu aliyemnyonya kuku mwenye bakteria huweza kumpelekea mwingine, kwa hiyo tungetibu kuku na kuacha ukuta ukiwa mgonjwa.

Kabla dawa haijaanza na siku yake ya kwanza walikufa watatu, mmoja kati yao ni kutoka chini ya mwembe. Baada ya hapo kimya. Panga zikaanza kurudi wekundu, mayai yakapanda hadi 20. Mama alinitumia picha za trei kwenye simu, na kwa watu wengi kisa kingeishia hapo, na dawa ingepata sifa zake.

Mashine ya stoo

Mwanzoni mwa Septemba, kabla hajaniita, mama alikuwa amejaza mashine. Kati ya mayai yaliyoingia, mengi yalikuwa ya wageni, maana ndio waliokuwa wakitaga vizuri. Majibu yalipotoka mayai yalikuwa na wiki mbili, mishipa imeshajichora, na kwa tochi unamwona kiumbe akicheza ndani.

Homa ya matumbo ya kuku hupita ndani ya yai. Kuku aliyebeba bakteria kwenye ovari anawatia kiini kabla ganda halijaundwa, kwa hiyo kufuta ganda au kulifukiza hakufiki walipo. Nilimshauri aizime mashine. Alinisikiliza, akanyamaza, akaiacha iendelee. Nilipompigia siku chache baadaye alisema, "Dokta, nimeshindwa. Nimeona vinacheza."

Yalitotolewa 51. Mengine yalikuwa na vifaranga vilivyokufa ndani ya ganda katika siku za mwisho. Katika wiki ya kwanza vilikufa 19, vikiwa vimejikusanya chini ya taa, vinalia, sehemu ya haja imeziba kinyesi cheupe. Kuna ugonjwa mwingine wa vifaranga unaofanana na huu kwa kila kitu, pullorum, unaoletwa na bakteria wa karibu sana na hawa, na kwa macho hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha. Vifaranga vitatu vilikwenda maabara, na jibu likawa lile lile la mama zao.

Mama alikuwa na oda ya vifaranga 40 kutoka kwa kikundi cha wanawake. Hakuuza hata kimoja. Kwa hili namvulia kofia, kwa sababu fedha za oda zilikuwa zimeshalipwa nusu na ilibidi azirudishe.

Damu kwenye kigae

Wiki tatu hivi baada ya dozi wakafa mitetea wengine wawili, ini la shaba, ovari iliyosinyaa. Hapo mama aliuliza swali la kawaida: turudie dawa ileile au tubadilishe?

Tungeweza kurudia, na ingefanya kazi tena kwa wiki tatu. Dawa hupunguza vifo, haimalizi bakteria waliojificha kwa kuku waliopona. Ndiyo maana Marekani, ambako ugonjwa wa pullorum ulikuwa unafagia vifaranga, mpango wao wa kitaifa wa kuboresha kuku ulioanza mwaka 1935 uliegemea kupima damu na kumwondoa kila kuku anayeonyesha dalili ya kubeba. Homa ya matumbo ikaja kuingizwa baadaye kwenye mpango huo huo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi cha kushangaza. Tone la damu kutoka mshipa wa bawa linachanganywa na tone la antijeni ya rangi ya zambarau, yaani maji yenye bakteria wafu wa jamii hii, juu ya kigae cheupe, kinatikiswa taratibu, na ndani ya dakika 2 damu ya mbebaji hugandamana chembechembe. Kina udhaifu wake: aliyeambukizwa juzi anaweza asionyeshe kitu, na aliyechanjwa kwa chanjo hai ya ugonjwa huu anaweza kuonyesha ilhali hana ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kuchukua damu mama alimpigia mfugaji aliyemuuzia. Jibu lilikuwa kwamba kuku wale hawakuwahi kuchanjwa homa ya matumbo.

Tulipima kuku 33 waliobaki, majogoo wakiwemo. Kati ya wageni 15, walioitikia walikuwa 11. Kati ya wenyeji 18, walikuwa 6.

Wageni 11 wenye panga nyekundu, wanaotaga, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala chini ya mwembe. Walikuwa wameugua kwao, pengine wakiwa mitetea, wakanusurika. Kisha wakabebwa juani kwenye tenga, wakaingizwa kati ya kuku wasiowajua wakiwa katikati ya kutaga, na misukosuko ya namna hiyo huwafanya wabebaji watoe bakteria kwa wingi zaidi. Wenyeji, ambao walilelewa mbali na ugonjwa huu, walikuwa kuni kavu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuwaondoa 17 walioitikia, kuwapima 16 wanaobaki kila baada ya wiki tatu au nne, na kuondoa tena mpaka kundi litoke safi mara mbili mfululizo. Kwa mtu mwenye mbegu adimu, au kuku wa ukoo asioweza kuwapata tena, ningeipendekeza hiyo. Ya pili ni kuwaondoa wote. Kama mama angekuwa anauza mayai ya kula peke yake, na hana mpango wa kuongeza kundi wala kuuza kuku hai, ipo hoja ya kuishi na ugonjwa hadi kuku wazeeke, akikubali kupoteza mmoja mmoja. Mimi mwenyewe sina ugomvi na uamuzi huo mradi mwenye kuku anajua anachokichagua. Lakini yeye ana mashine. Kila yai lililotoka banda lile na kuingia stoo lilikuwa linaweza kuondoka kama kifaranga kwenda banda la mwingine. Aliamua kuwaondoa wote, na nadhani vile vifaranga 19 ndivyo vilivyoamua, kuliko hesabu zangu.

Jaribu lilikuja sokoni. Kuku anayetaga, panga nyekundu, akipelekwa hai karibu na sikukuu anapata bei kubwa kuliko nyama. Na hakuna wa kumjua. Lakini anayenunua kuku hai anayetaga mara nyingi hamchinji, anampeleka bandani kwake, na ndivyo hasa wale 15 walivyofika Kihonda. Walichinjwa pale pale nyumbani kwa mafungu, baada ya siku za kusubiri dawa kupita, wale tu wasio na homa wala dalili, nyama ikauzwa ikiwa imesafishwa kwa mama lishe wawili na nyingine kuliwa nyumbani ikiwa imepikwa ikaiva. Utumbo, manyoya na damu vilizikwa shimo refu na kumwagiwa chokaa. Nilifungua matumbo ya wale walioitikia: wageni saba kati ya 11 walikuwa na viini vilivyosinyaa katikati ya viini vizima. Walikuwa wakitaga kwa nusu ya ovari.

Banda likalala kuanzia Novemba. Maranda yote yalitolewa na kuchomwa, sakafu ikasuguliwa kwa sabuni kwanza ndipo ikamwagiwa dawa, kwa kuwa dawa ya kuua vijidudu ikikutana na kinyesi kilichoganda inaishia juu juu. Bati mbili ziliondolewa kwa muda ili jua lifike chini. Utitiri ulibaki wasiwasi wangu mkubwa, maana huweza kukaa miezi bila kula, na kupumzisha banda peke yake hakuuondoi. Karatasi nyeupe iliyowekwa kwenye nyufa mwezi Desemba ilitoka na utitiri hai, banda likiwa halina kuku hata mmoja, na moto wa gesi ukapitishwa tena.

Vifaranga vipya viliingia Januari, vya siku moja, kutoka kwa mtotoleshaji anayepima kuku wake wazazi. Watapata I-2 kwa ratiba, na chanjo ya homa ya matumbo ya 9R kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kisha marudio karibu na wiki ya 16. Chanjo hiyo ni bakteria hai, kwa hiyo siku za kuizunguka hakuna antibiotiki yoyote kwenye maji. Inapunguza vifo sana, haizuii kabisa kuku kubeba, na kwa sababu hiyo haiwezi kufanya kazi ya kumtenga mgeni. Kuku wa kununua, kama watakuwepo, watakaa peke yao upande wa pili wa uwanja kwa mwezi mzima, na watatolewa damu mwanzoni na mwishoni mwa mwezi huo.

Mfugaji aliyemuuzia wale 15 alishikilia kwamba kuku wake hawaugui, na kwa macho yake ni kweli. Alikuwa ameshauza wengine kabla hatujampigia. Afisa mifugo wa kata yake amepewa taarifa, na kundi hilo bado halijapimwa.